Mama Mdogo na Karatasi ya Pili

Mama Mdogo mpendwa,

Barua hii usingeisoma hata kama ungekuwa hai. Ungeikunja, ungeitia mfukoni mwa lile koti la kaki la Baba, halafu jioni ungenikalisha karibu na moto na kuniambia, "Haya, isome. Polepole. Usiruke." Basi naiandika kama vile naisoma mbele yako. Naiacha wazi, mwenye macho aisome, maana uliyonifanyia sitaki yabaki kati yako na mimi tu.

Wiki hii zimefika barua za wasichana wangu wa darasa la nane. Bahasha ni zilezile za kahawia, zenye muhuri wa serikali. Sita wameitwa vyuoni. Walizileta mezani kwangu wamezishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyebeba mayai, nikakukumbuka hata nikashindwa kuanza somo.

Ulipoingia nyumbani kwetu Mollo nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Baba alishuka bondeni, Mtowisa, kutafuta ng'ombe wa kulimia, akarudi na ng'ombe mmoja na wewe. Ilikuwa Juni, baridi ya kwetu inauma mpaka kwenye meno, na wewe ulitoka kwenye joto umevaa kanga mbili tu. Baba akakuvisha koti lake, nawe hukulivua tena mpaka unakufa.

Nilikuchukia, Mama Mdogo. Nasema hivyo kwa sababu ulijua. Nilikuita "mke wa Baba" mbele ya wageni, na wasipokuwepo sikukuita kitu. Kwetu wali ulikuwa chakula cha Krismasi. Kwako ugali wa ulezi ulikuwa kama adhabu, na miezi ya kwanza uliusonga ukawa na mabonge. Baba aliumeza kimya. Mimi nilisukuma sahani. Hukunibembeleza wala hukunisemea kwa Baba. Ulifunika sahani, ukaiweka karibu na jiko, ukatoka nje. Nilipozidiwa na njaa nikala, hukuuliza nani amekula. Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka, wewe ukifunika na mimi nikifunua.

Nilikwenda shule ya wasichana ya misheni, nikalala huko, nikarudi likizo tu. Nilimaliza darasa la nane, nikafanya mtihani, nikarudi nyumbani kungoja. Kungoja kule unakukumbuka. Nilikuwa navunja vyungu. Kila Jumapili baada ya Misa nilisimama mlangoni mwa kanisa kumtazama katekista kama ana kitu mkononi, na Jumapili moja ya mvua akawa nacho. Bahasha mbili: moja yangu, moja ya rafiki yangu Apolonia, tuliyelala naye vitanda jirani bwenini kwa miaka minne. Zilikuwa zimekaa misheni siku nyingi, akasema, kwa sababu mto ulijaa na yeye hakuweza kuvuka.

Niliisoma yangu uani, nimesimama, majirani wamenizunguka. Ilikuwa ya Kiingereza. Pale kijijini mimi na Apolonia tu ndio wasichana tuliokijua, nami nilijua kwamba najua. Mstari wa kwanza ulikuwa na neno moja refu, linafanana sana na neno tulilofundishwa kuwa ni la jimbo. Nikainua kichwa nikatangaza, "Nimechaguliwa na Jimbo kwenda chuo!"

Vigelegele vikapigwa. Baba akamkamata jogoo. Akaitwa karani wa baraza, aliyekuwa akipita, aje athibitishe. Karani alipitisha macho kwenye karatasi kama mtu anayehesabu mbuzi wasio wake, akasema, "Amepata. Mshukuruni Mungu. Hati ya safari itakuja." Akakaa kungoja jogoo. Kabla ya hapo alikuwa amepita kwa kina Apolonia, akasema maneno hayohayo.

Wewe hukupiga kigelegele. Uliichukua bahasha niliyoitupa kwenye mkeka, ukatia vidole ndani, ukatoa karatasi ya pili na ya tatu.

"Na hizi je?"

"Hizo ni za ofisi, mama," karani akasema. "Nakala."

"Mbona zina mistari mitupu?"

"Mama, hayo ni mambo ya serikali."

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Wewe ukaendelea kuigeuzageuza ile karatasi, ukasema taratibu kwa Kiswahili chako cha bondeni, "Mtu hakutumii kibuyu kitupu umbali wote huo kama hataki ukirudishe na kitu ndani."

Watu wakageukia jikoni. Jogoo alikuwa ameiva.

Kesho yake, Jumatatu, kulipopambazuka uliniamsha. "Vaa. Tunakwenda mjini."

"Kufanya nini?"

"Kusomewa."

Nilikaa kitandani nikakutazama, nikakuambia maneno ambayo mpaka leo yakinijia nikiwa ubaoni chaki inanidondoka. "Hujui kusoma hata jina lako. Mimi nimesoma. Karani amesoma. Wewe utatuambia nini?"

Baba alikuwa mlangoni akisikia. Alitazama chini. Wewe ulikaza kanga kiunoni.

"Sijui kusoma, ndiyo maana nauliza," ukasema. "Ninyi mnaojua hamuulizi. Usipokuja, nakwenda nazo peke yangu."

Nilikuja. Usidhani ni utii. Nilikuja kwa kuogopa utazipoteza karatasi zangu.

Tulitembea asubuhi nzima, umande unatulowesha, upepo wa nyika unatupiga mbavuni. Ulikuwa unakohoa, kila ukikohoa unaweka kiganja kwenye mfuko wa koti zilipokuwa karatasi, kama vile kikohozi kingeweza kuzirusha nje. Mjini ulinipeleka mtaa wa Mazwi, dukani kwa Bwana Salehe. Sikujua kuwa mnafahamiana. Kumbe ulipokuwa msichana ulikuwa ukipanda Lyamba lya Mfipa, ule mlima unaotoka bondeni, na mchele kichwani, na yeye ndiye aliyekuwa akiununua.

"Shikamoo, Bwana Salehe."

"Marahaba, binti wa Mtowisa! Leo umeleta nini?"

"Nimeleta karatasi."

Alifuta miwani kwa pindo la kanzu, akaisoma barua kwa midomo, mstari kwa mstari. Wateja walikuja wakangoja. Mkewe, Bi Zuhura, akatuletea chai ya tangawizi na maandazi, akakuvuta ukae karibu na jiko la mkaa kwa sababu ulikuwa unatetemeka. Bwana Salehe alipomaliza hakusema na wewe. Alisema na mimi.

"Binti, umeisoma?"

"Ndiyo, bwana."

"Ulielewa nini?"

Nikamwambia nimechaguliwa na Jimbo. Hakucheka. Nitamshukuru siku zote kwa hilo.

"Neno hili si jimbo," akasema. "Yanafanana. Hata mimi lilinisumbua kwenye barua za mizigo. Maana yake ni kwa sasa hivi, mpaka masharti yatimie. Hapa hawajasema umepata. Wamekushikia nafasi."

Akatueleza. Kulikuwa na kozi mbili, nichague moja: ualimu, miaka miwili, au uuguzi na ukunga, miaka mitatu. Karatasi ya pili ni ya kujibu: niandike nimechagua ipi, nitie sahihi yangu na ya mzazi, kwamba nikihitimu nitatumikia miaka mitatu popote nitakapopangwa. Karatasi ya tatu ni ya daktari, anipime kifua na macho. Na vyote viwe vimefika kabla ya mwisho wa mwezi.

"Lori la barua linaondoka Alhamisi," akasema. "Leo Jumatatu. Likiwaacha hilo, la wiki ijayo halitawahi."

"Na asiyejibu?" ukauliza.

"Anapewa mwingine."

Nilitamani sakafu ya duka inimeze. Nilingoja useme, "Si nilikuambia?" Mtu mwingine yeyote angesema. Mimi ningesema. Wewe ulimwomba Bwana Salehe aisome tena tangu mwanzo, halafu ukamrudishia yote kwa kuhesabu vidole, sharti moja kidole kimoja, mpaka akakubali kwa kichwa, akasema hakuna ulilosahau. Kisha ukasimama ghafla, chai hujaimaliza.

"Apolonia," ukasema.

Mimi nilikuwa sijamkumbuka. Ni wewe uliyemkumbuka, mtoto wa watu, na hata salamu za mama yake ulizipata kwa shida kwa sababu ulikuwa mtu wa bondeni. Tulirudi tukapita kwao kwanza, miguu yetu imejaa tope. Ulipiga magoti mlangoni, ukapiga makofi ya salamu kama mwanamke wa Kifipa anavyomsalimu mzee, ukamweleza baba yake kila kitu. Alikusikiliza akichonga mpini wa jembe.

"Karani amesoma," akasema.

"Karani hakusoma karatasi ya pili, baba."

"Mwanamke wa bondeni ndiye atakayenifundisha barua ya serikali?"

Ulirudia. Mara tatu ulirudia, kwa unyenyekevu uleule, mpaka akaingia ndani akatuacha na mpini wake. Nyuma ya mlango wa jikoni niliona vidole vya miguu vya Apolonia. Alikuwa amesimama pale anasikia. Ningeweza kuita jina lake. Ningeweza kumwambia kwa Kiingereza chetu cha shule, baba yake asielewe: leta karatasi, kimbia, kesho tunakwenda kwa daktari. Nilinyamaza. Niliona aibu ya kukosea mbele yake, yeye aliyekuwa akinipita kwenye imla. Tulipoondoka ulisema, "Tumesema. Mungu amesikia." Lakini nilikuona unageuka nyuma njia nzima.

Jumanne tulikwenda hospitali. Mganga akanipima kifua, akanisomesha herufi ukutani, akajaza karatasi. Nilidhani tumemaliza. Wewe ukamfuata muuguzi mkuu, mama mmoja mnene mwenye saa kifuani, ukamwambia, "Binti yangu ameitwa asomee kazi yako au kazi nyingine. Naomba aione kazi yako leo, hata kwa kufagia." Yule mama alicheka, akanipa aproni.

Ilikuwa mara ya kwanza kusikia ukisema "binti yangu". Nilijifanya sikusikia.

Nilishinda wodi ya wazazi. Nilikunja mashuka, nikabeba maji ya moto, nikashika beseni. Nilimwona mtoto akioshwa, hajatimiza hata saa moja duniani, anakasirika kama mzee aliyeibiwa. Sikuogopa damu. Hata harufu ya sabuni ile niliipenda. Wewe ulikaa kwenye benchi la nje, na kila nilipotoka ulikuwa hapohapo, unatazama mlango wa wodi kwa namna ambayo sikuielewa. Nilidhani unashangaa hospitali.

Jumatano ulinipeleka shule ya msingi, ile iliyo nje kidogo ya mji. Ukamwomba bibi mwalimu wa darasa la kwanza nikae nyuma. Nilikaa. Baada ya muda aliitwa ofisini, akaniambia niwaangalie watoto wasipigane. Mvua ikaanza. Uliisikia mvua ile, ulikuwa nje. Juu ya mabati ilikuwa kama watu wanamwaga mahindi. Kulikuwa na mtoto wa kike mbele kabisa aliyeandika herufi zote kinyumenyume na kuziba ubao wake kwa mkono nisione. Nikachuchumaa kando yake. Nikamshika mkono tukaandika pamoja, ba, be, bi. Wengine wakataka na wao. Tukasoma kwa kupiga kelele ili tuishinde mvua, silabi baada ya silabi, na tulipoishinda wakashangilia. Mwalimu aliporudi alisimama mlangoni akaniacha niendelee. Sijui nilikaa humo muda gani.

Nilipotoka jua lilikuwa limeshainama. Ulikuwa umekaa chini ya upenu, miguu imelowa mpaka magotini, koti linachuruzika. Hukuwa umekula tangu asubuhi. Nilishtuka, kwa sababu nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ulikuja nami.

"Umepaona?" ukauliza.

"Nimepaona. Lakini sijui nichague wapi. Kote ni pazuri."

Ukatoa ugoro wako, ukavuta, ukapiga chafya. Halafu ukasema, "Jana ulitoka mara tatu kutazama kama nipo. Leo hukutoka hata mara moja."

Ulinyanyuka, ukakamua pindo la kanga. "Chagua mahali uliponisahau," ukasema, ukatangulia njiani.

Mama Mdogo, nimepita chuo. Nimefundishwa na Waingereza namna ya kupima akili ya mtoto, na vipimo vyao vimejaza daftari zima. Sijaona kipimo kinachoshinda kile.

Jioni ile tulimkuta Baba anatungoja. Alikuwa anajua kuandika jina lake, alifundishwa kwenye katekisimu, lakini alishika kalamu hewani akaniambia nimsomee kila mstari. Nilipofika pale pa miaka mitatu ya utumishi, akaweka kalamu chini.

"Miaka miwili ya chuo, mitatu ya kazi. Ataolewa lini?"

"Ndoa itangoja," ukamwambia. "Karatasi haingoji."

"Mama yake angekuwepo angesemaje?"

Nilikuona umeinamisha uso. Baba hakuwa na nia ya kukuumiza, ila lilishatoka. Nikangoja ukasirike, uondoke, karatasi ibaki bila sahihi.

"Angekuwepo angeuliza haya niliyouliza mimi," ukasema. "Na sasa hivi angekuwa anakuambia uandike, wino usikauke."

Baba akaandika. Ilimchukua muda mrefu, herufi moja baada ya nyingine, ulimi nje kama mtoto. Nami nikaandika yangu chini yake.

Alhamisi tulifika posta kabla haijafunguliwa. Ulikataa kuitumbukiza bahasha kwenye sanduku. Ulimpa karani wa posta mkononi, ukasimama mpaka alipoigonga muhuri, ukaniuliza, "Muhuri umepigwa juu yake?" Nikasema ndiyo. Tukatoka nje, tukangoja mifuko ipakiwe kwenye lori, na hata lilipoondoka ulisimama kwenye tope mpaka lilipopotea. Ndipo ukakubali kula andazi.

Hati ya safari ilifika baada ya majuma matano. Ya Apolonia haikufika. Baba yake alimfuata karani wa baraza, naye akamwambia labda mwakani. Apolonia aliolewa kabla ya mavuno. Ana watoto wanne sasa, na mkubwa wake anasoma darasani kwangu, ana mwandiko mzuri kama wa mama yake. Tukikutana sokoni tunasalimiana, tunaulizana habari za shamba. Hajawahi kunilaumu, wala sijawahi kumwomba radhi. Hukuniuliza kamwe kwa nini sikumwita siku ile, na wewe uliuliza kila kitu. Naandika hapa ili na yeye asome: niliviona vidole vyako, Apolonia, nikanyamaza.

Siku ya kuondoka kwangu ulinisindikiza mpaka kwenye lori. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha kusema neno moja. Nilipopanda juu ya magunia nikainama nikakuambia, "Kwaheri, Mama."

Ukatikisa kichwa. "Mama Mdogo," ukanisahihisha. "Mkubwa yupo kaburini. Usimnyang'anye."

Tangu siku hiyo ndilo jina lako. Na kila likizo niliporudi ulinikalisha nikueleze tunafundishwa nini, nani anafundisha, kwa nini. Niliporudi na cheti hukuuliza kimeandikwa nini. Uliuliza, "Kuna karatasi ya pili?" Tukacheka mpaka Baba akaja kutazama kuna nini.

Ulifariki mwaka jana, Juni tena, kwa kile kifua. Nilifika umeshazikwa. Kwenye matanga dada yako mkubwa alipanda kutoka Mtowisa, mara yake ya kwanza kuja kwetu. Jioni moja tulikuwa tunachambua ulezi, akaniambia jambo ambalo alidhani nalijua.

Alisema ulizaa mara mbili huko bondeni, kabla ya Baba. Mara zote mbili mtoto alikwama siku mbili, hakukuwa na mkunga anayejua, wakatoka wamekufa. Wa pili alikuwa wa kike. Mume wako wa kwanza akakurudisha kwenu. Dada yako akaniambia, "Ulipoitwa chuo alishuka kunisalimia, akaniambia: kuna karatasi ya ukunga ndani ya bahasha ile. Dada, laiti angeichagua hiyo, ningemleta huku. Nikamuuliza, ulimwambia? Akasema, hapana. Angeichagua kwa ajili yangu."

Nilimwomba aniache kidogo, nikatoka nje. Nilisimama nyuma ya nyumba nikakumbuka benchi la hospitali, na ule mtazamo wako kwenye mlango wa wodi. Saa nyingi ulikaa pale, vilio vya watoto wazima vinatoka ndani. Uliijua kozi unayoitaka. Ulikuwa na binti ambaye angekufuata, maana tangu Jumatatu ile dukani ningekutii kwa lolote. Neno moja lingetosha. Na kesho yake ukakaa kwenye mvua, ukahesabu ni mara ngapi nimetoka kukutazama, ukaniambia hesabu ile kwa ukweli wake, ingawa ilikunyima.

Sijui kama nimestahili. Najua kwamba sijuti. Ninawapenda watoto hawa kwa namna ambayo nisingeweza kupenda kazi nyingine yoyote, na nadhani jibu hilo ndilo ungelitaka kuliko machozi.

Sasa nikueleze la jana, halafu nikuache upumzike.

Kati ya wale sita kuna mmoja wa Mtowisa. Ni mtulivu, mikono yake haitetemeki. Wenzake wakiumia wanamwendea yeye kabla ya kunijia mimi. Barua yake ina kozi mbili, zilezile. Nilimsomea masharti yote, tukahesabu siku, nikampeleka hospitali, nikamkalisha na watoto wa darasa la kwanza. Jana baada ya masomo alikuja na karatasi ya kujibu, akasimama mbele ya meza yangu.

"Mwalimu, nichagulie wewe. Utakalosema nitaandika."

Nilifikiria bonde lile. Niliwafikiria wale wawili ambao hata majina hawakupewa. Neno lilikuwa mdomoni, Mama Mdogo, lina uzito wa jiwe la kusagia. Yeye ananitazama, kalamu tayari.

Nikamwambia, "Siwezi kukuchagulia. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Alifikiri kidogo. Akasema, "Ualimu." Akainama akaandika.

Nikasema, "Vizuri." Nikakagua sahihi, nikamwambia abandike bahasha vizuri. Alipotoka nikafunga mlango wa darasa, nikakaa kwenye dawati la mtoto, ndipo nikajua siku ile chini ya upenu ulikuwa umebeba nini.

Lala salama, Mama Mdogo. Msalimie Mama Mkubwa, na wale wawili.

Mimi mwanao uliyenikuta nyumbani,
Leokadia